Kutoka Lamu hadi Kibo: kupanda Kilimanjaro kwa njia ya mpakani ya Rongai

Mtu wa Lamu anayetaka kupanda Kilimanjaro hapungukiwi na miguu wala pumzi ya kazi. Anayebeba magunia gatini Mokowe au kuvuta jarife alfajiri ana nguvu kuliko wageni wengi wanaofika pale langoni. Kinachomrudisha ni vitu vitatu ambavyo kisiwani havipo: baridi, hewa nyepesi, na viatu vilivyofungwa kutwa nzima. Maelezo haya yameandikwa kwa kuzingatia hivyo vitatu, na kwa njia moja tu, Rongai. Ndiyo njia ya upande wa kaskazini, ile inayoanzia karibu kabisa na mpaka wa Kenya.

Tuanze na mpaka wenyewe, maana wengi wameupokea kwa hadithi isiyo sahihi. Mlima wote uko Tanzania. Mstari wa mpaka unatoka baharini karibu na Vanga, unakwenda moja kwa moja kuelekea Ziwa Viktoria, lakini ukifika Kilimanjaro unapinda na kupita chini ya mlima upande wa kaskazini. Husemwa kwamba Malkia Victoria alimzawadia mlima mjukuu wake Kaisari Wilhelm siku ya kuzaliwa kwake. Si kweli. Mstari ulikubaliwa na serikali za Uingereza na Ujerumani mwaka 1886, na Wilhelm hakuwa Kaisari mpaka 1888. Ulipindishwa kwa sababu mawakala wa Kijerumani walikuwa wamekwisha kupata mikataba na machifu wa Uchagani, na Taveta ikaachwa upande wa Waingereza.

Mapatano yaleyale ya 1886 yanatuhusu sisi wa Lamu. Ndani yake Wajerumani walitambuliwa kule Witu, ambako Sultani Ahmed aliyeitwa Simba alikuwa ameshaandikiana mkataba na Clemens Denhardt mwaka 1885. Jumba la posta ya Wajerumani lililofanya kazi mjini Lamu kuanzia 1888 hadi 1891 ni alama ya enzi hiyo. Kwa mkataba wa 1890 Ujerumani iliiacha Witu kwa Waingereza, na Kilimanjaro ikabaki kwake. Basi lako la kwenda Mombasa litapita Witu. Ukiiona, kumbuka kwamba mji huu na mlima unaouendea viligawanywa kwenye meza moja.

Habari za mlima zilifika Ulaya kupitia pwani. Johannes Rebmann, mmisionari wa Rabai, aliiona theluji ya Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, tarehe 11 Mei 1848 akiwa katika msafara ulioongozwa na Mswahili aliyeitwa Bwana Kheri. Wanajiografia wa London walimkatalia, wakisema theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Watu wa misafara ya pwani, waliokuwa wakienda Uchagani kununua pembe, walikuwa wakiujua mlima huo zamani. Hans Meyer alijaribu kuupanda 1887 akashindwa. Mwaka 1888 hakufika hata mlimani: alikamatwa na watu wa Abushiri, aliyewapinga Wajerumani, wakati wa vita vya pwani, akalipiwa fidia ndipo akaachiwa. Alifika kileleni tarehe 6 Oktoba 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller, na Tanzania inamkumbuka Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu kuwa kiongozi wa msafara ule. Kilele kikapewa jina la Kaisari. Jina hilo liliondoka usiku wa uhuru wa Tanganyika, tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alipousimamisha mwenge pale juu. Tangu hapo ni Uhuru, mita 5,895.

Nani asipande

Hili tunalitanguliza kabla ya viatu na makoti. Pwani yetu ina watu wengi wenye selimundu (ugonjwa wa damu wa kurithi, sickle cell), na wengi zaidi waliobeba nusu yake, yaani walioirithi kwa mzazi mmoja tu, bila kujua. Mwenye ugonjwa wenyewe asipande kabisa: hewa ikipungua, chembe za damu hubadilika umbo na kuziba mishipa. Mwenye kubeba nusu huenda hajapata kuugua maisha yake yote, lakini juu ya mita 3,000 bandama lake linaweza kudhurika, dalili ikiwa maumivu makali chini ya mbavu za kushoto. Pima damu hospitali miezi miwili kabla, na umwonyeshe daktari majibu. Mjamzito asubiri. Mwenye moyo, pumu isiyotulia au presha ya juu apate ruhusa ya daktari anayemjua.

La pili ni malaria. Mbu aliyekuuma Lamu anaweza kukuletea homa siku ya tatu ya safari, na hapo juu kila kichwa kinachouma hudhaniwa ni mwinuko. Ugonjwa wa mwinuko peke yake hauleti homa kali ya kutetemeka. Lala ndani ya chandarua wiki mbili za mwisho, na ukipata homa mlimani mwambie kiongozi kwamba umetoka pwani.

Karatasi na njia ya kufika

Beba pasipoti ya Afrika Mashariki, kwani kitambulisho cha taifa peke yake hakitakuvusha kuingia Tanzania. Mkenya hahitaji viza. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano huulizwa kwa anayetoka Kenya, na chanjo huhesabiwa kuanza kazi siku ya kumi baada ya sindano, kwa hiyo usichanjwe wiki ya safari. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019. Funga nguo zako katika mifuko ya kitambaa au ile minene ya mpira ya kuzuia maji. Na lingine la kusema wazi: mirungi Tanzania ni kosa la jinai. Usivuke mpaka na hata kitita kimoja.

Siku ya kwanza vuka kwa boti hadi Mokowe asubuhi, upande basi la Mombasa kupitia Witu, Garsen na Malindi. Safari inakula mchana wote, hivyo lala Mombasa. Siku ya pili shika njia ya Voi, kisha Mwatate na Taveta, lami mpaka mwisho. Treni nayo husimama Voi. Mpaka wa Taveta na Holili uko katika jengo la pamoja, unagongewa mihuri ya nchi zote mbili mahali pamoja. Kutoka Holili ni mwendo mfupi hadi Himo, ambapo barabara inagawanyika: kushoto Moshi, kulia Marangu na Rombo.

Usipande siku inayofuata. Umetoka usawa wa bahari, mwili una vumbi na usingizi wa basi. Lala siku mbili Moshi, au bora Marangu ambako ni juu zaidi na baridi imeanza. Siku hizo mbili ndizo za kukodi vifaa, kuonana na kiongozi na kumaliza hesabu za fedha.

Kuhusu kutokea Loitokitok: mji huo uko chini kabisa ya mlima upande wa Kenya na unauona Kibo vizuri kuliko Moshi, ndiyo maana watu hudhani wanaweza kupanda kutokea hapo. Hakuna njia iliyoruhusiwa inayopanda moja kwa moja kutoka Loitokitok. Unaweza kuvuka pale kwenda Tarakea kisha langoni, lakini ni lazima uandikishwe na hifadhi na uwe na kiongozi mwenye leseni. Anayekuambia anazijua njia za msituni za kukwepa ada anakutia hatarini, maana ukiugua juu hakuna atakayekutafuta.

Kampuni, ada na wapagazi

Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro inatoza ada ya kila siku, ada ya kambi kwa kila usiku na ada ya uokoaji. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kidogo sana kuliko mgeni wa mbali. Kampuni nyingine hukupa bei ya mgeni bila kukuuliza uraia wako, kwa hiyo dai mchanganuo ulioandikwa: ada za hifadhi peke yake, mishahara peke yake, chakula na usafiri peke yake. Ukikuta jumla inayokaribia ada za hifadhi zenyewe, jua kuna anayelipia punguzo hilo, na kwa kawaida ni mpagazi.

Mpagazi mmoja hatakiwi kubeba zaidi ya kilo 20. Begi lako lisizidi kilo 15, na liwe la turubai lisilo na magurudumu. Uliza kampuni maswali matatu: wapagazi wanalipwa kiasi gani kwa siku, wanakula mara ngapi, wanalala kwenye hema gani. Anayejibu bila kusita ndiye wa kwenda naye. Bahashishi ya mwisho itangazwe hadharani mbele ya wote, kiasi cha kila mtu kwa cheo chake. Ukimkabidhi mtu mmoja bahasha nzima, walio nyuma huenda wasiione.

Mweleze mpishi mapema habari ya nyama halali na ya vyakula usivyokula. Kuku na nyama hununuliwa Moshi siku moja kabla, na baada ya hapo hakuna soko tena.

Miezi

Januari na Februari, kaskazi ikiwa imetulia, mlima huwa mkavu na mbingu safi. Masika ya Machi hadi Mei ni matope chini na theluji juu. Kuanzia Juni hadi Oktoba, wakati kusi linavuma kwetu, ni ukavu tena, usiku ukiwa wa baridi zaidi. Novemba ina mvua za vuli. Rongai iko upande unaopata mvua kidogo kuliko njia za kusini, hivyo kama likizo yako inaangukia mwezi wa mvua, ndiyo njia ya kuchagua. Angalia pia mwezi mwandamo. Usiku wa kilele ukiangukia kati ya tarehe 13 na 16 za mwezi wa Kiislamu utapanda kwa mbalamwezi, na changarawe itaonekana bila tochi.

Usipange safari Ramadhani kwa nia ya kufunga huku unapanda. Mwili unahitaji lita tatu hadi nne za maji kila siku huko juu. Msafiri ana ruhusa ya kufungua.

Mazoezi kisiwani

Anza wiki kumi kabla. Lamu haina mlima, lakini ina mchanga na ina ngazi. Tembea kutoka mjini hadi Shela na kuendelea na ufuo, saa tatu bila kukaa, mara tatu kwa wiki. Mzigo mgongoni uanze kilo 4, ukamalizie kilo 8. Mara moja kwa wiki panda na kushuka vilima vya mchanga vya Shela kwa saa moja. Mchanga unaoteleza nyuma kila hatua ndio mfano wa karibu kabisa wa changarawe ya Kibo. Pita njia zilizokwisha kukanyagwa, kwa sababu vilima hivyo ndivyo vinavyohifadhi maji matamu ya visima vya kisiwa, na majani yanayoushika mchanga hayapendi miguu.

Magoti yako yanahitaji kuzoea kushuka kuliko kupanda. Tafuta nyumba ya ghorofa mbili au tatu, ushuke ngazi polepole ukiwa na mzigo, mara 30. Kutoka Uhuru hadi lango la Marangu, ambako safari hii inamalizikia, utashuka karibu mita 4,000 katika siku mbili. Wengi waliofika kileleni wakicheka hurudi wakitembea kinyumenyume kwa sababu ya magoti.

Viatu ndilo jambo tunalowasisitizia zaidi watu wa pwani. Mguu uliozoea makubadhi na malapa umepanuka mbele na ngozi yake ya kisigino ni ngumu ila haijazoea kusuguliwa. Nunua buti la mlima linalofunika kifundo, kubwa kwa nusu saizi, ulivae na soksi nene. Litembelee kilomita 60 angalau kabla ya safari, hata kama utachekwa mitaani. Buti jipya siku ya kwanza mlimani ni malengelenge siku ya pili, na lengelenge likipasuka kwenye mita 3,600 halifungi upesi. Kata kucha za miguu siku nne kabla. Kucha ndefu hugonga mbele wakati wa kushuka na kugeuka nyeusi.

Nguo

Hesabu ni hii: kila mita 1,000 unazopanda, joto hushuka kwa takriban nyuzi 6.5. Lamu ikiwa na nyuzi 30, kilele kinakuwa chini ya sifuri hata mchana. Usiku wa manane kukiwa na upepo, nyuzi 10 hadi 20 chini ya sifuri ni jambo la kawaida.

Pamba ndiyo adui. Fulana, jinzi, kikoi, soksi za kawaida: zote hunyonya jasho, hazikauki, na zikikutana na upepo zinakutoa joto mwilini. Kikoi beba kimoja cha kulalia na kubadilishia nguo, kisikae mwilini unapotembea. Nguo ya kugusa ngozi iwe ya sufu laini au poliesta, mikono mirefu na suruali yake. Juu yake sweta la manyoya mepesi, kisha koti nene la manyoya ya bata au la nyuzi, na la nje kabisa koti na suruali zisizopitisha maji wala upepo. Miguuni usiku wa kilele ni tabaka nne: suruali ya ndani, ya manyoya, ya kutembelea, na ya nje. Vidole vinahitaji glavu mbili, nyembamba ndani na ile nene isiyotenganisha vidole juu. Kofia ya sufu ifunike masikio.

Wanawake, baibui refu hukanyagwa kwenye mawe na hushika tope. Suruali pana ya mlima na koti linalofika magotini vinasitiri na vinakuacha hatua. Mtandio uwe wa sufu nyepesi au poliesta, mmoja wa kuvuta puani wakati wa vumbi.

Masweta na makoti ya baridi yanapatikana kwa mitumba soko la Kongowea, Mombasa, kwa bei ndogo kuliko dukani. Yajaribu kwa kuyavaa yote pamoja, maana la nje lisipoingia juu ya mengine halina faida. Kodi Moshi vile vizito ambavyo hutavihitaji tena baada ya safari: mfuko wa kulalia wa nyuzi 15 chini ya sifuri, koti nene, fimbo mbili za kutembelea, na vifuniko vya kuzuia changarawe kuingia butini. Fungua zipu zote pale pale dukani. Zipu ya mfuko wa kulalia iliyokufa utaigundua saa nne usiku, na mwenye duka yuko Moshi.

Vidogo vinavyosahaulika: tochi ya kichwani na betri za ziada, miwani myeusi inayofunika pembeni, mafuta ya midomo ya kuzuia jua, dawa ya kuharisha, chumvi za kuongeza maji mwilini, chupa mbili za lita moja zenye mdomo mpana.

Siku kwa siku

Chukua siku saba. Ratiba ya siku sita ipo na ni ya bei nafuu zaidi, lakini kwa aliyetoka usawa wa bahari usiku mmoja wa ziada ndio unaoamua mambo.

Siku ya kwanza mara nyingi huandikishwa lango la Marangu, kisha gari huzunguka mlima kupitia Rombo hadi lango la Nalemuru, takriban mita 1,950. Unapita mashamba ya mahindi na viazi, halafu miti ya misonobari. Saa tatu hadi nne unafika kambi ya Simba, mita 2,600. Njia ni laini, na hapo ndipo vijana hukosea. Wanakwenda mbio kwa sababu bado wanaweza. Mwendo sahihi ni ule unaokuruhusu kuzungumza sentensi nzima bila kukata pumzi. Kiongozi akisema pole pole anakupimia hewa, mfuate kama unavyomfuata nahodha kwenye mlango wa bahari.

Siku ya pili ni ndefu, saa sita au saba. Unafika Pango la Pili, mita 3,450, kwa chakula cha mchana, kisha unakata kushoto kuelekea Mawenzi, kilele cha pili cha mlima, hadi kambi ya Kikelelwa, mita 3,600. Jioni kichwa huanza kuuma kwa wengi. Maumivu mepesi yanayotulia kwa maji, chakula na mapumziko ni ya kawaida.

Siku ya tatu ni fupi na ya mwinuko mkali, saa tatu hadi nne, mpaka kijiziwa cha Mawenzi, mita 4,300. Hii ndiyo kambi nzuri kuliko zote, chini ya magenge ya Mawenzi yaliyochongoka. Wachagga husimulia kwamba Mawenzi alikuwa akienda kuomba moto kwa Kibo mara kwa mara, Kibo akachoka akampiga kwa mchi, na ndiyo maana amebaki amevunjikavunjika. Mawenzi yenyewe, mita 5,149, haipandwi bila kamba na ujuzi wa miamba.

Siku ya nne hulali kwingine. Panda ukingo ulio juu ya kambi mita mia mbili au zaidi, kaa saa moja, rudi ule na ulale. Panda juu, lala chini: hivyo ndivyo damu inavyojifunza. Wanaoiruka siku hii kuokoa ada ndio tunaowaona wakirudishwa kutoka kambi ya Kibo.

Siku ya tano unavuka uwanda mkavu kati ya Mawenzi na Kibo, saa nne hadi tano, hakuna kivuli wala maji. Jaza chupa zote kambini. Unafika kambi ya Kibo, mita 4,700, mchana. Kula hata kama hutaki, panga nguo za usiku kwa mfuatano wa kuvaa, ulale saa moja jioni.

Usiku wa kilele

Mnaamshwa kama saa tano usiku, mnaondoka saa sita. Njia ni ya changarawe, inapinda kushoto na kulia kupita pango la Hans Meyer, mita 5,150, mpaka ukingoni mwa kreta penye kituo cha Gillman, karibu mita 5,685. Hapo ni saa tano hadi saba za mwendo. Kutoka hapo ni saa moja na nusu au mbili kando ya ukingo, kupitia kituo cha Stella, hadi Uhuru.

Jaza chupa maji ya moto na uzitie kichwa chini ndani ya begi, kwa kuwa maji hugandia juu, na kifuniko kikiganda hunywi. Mrija wa kunywea huganda saa ya kwanza, usiutegemee. Simu na betri ziwe mfuko wa ndani ukigusa mwili, baridi hunyonya chaji. Tende ni chakula kizuri cha usiku huu, ila toa kokwa na uzikate vipande mapema, uziweke mfuko wa ndani pia. Tende nzima iliyoganda inavunja jino. Kashata za njugu nazo zinafaa. Kula kidogo kila saa hata kama tumbo linakataa, kwa sababu mwili usio na chakula hautengenezi joto.

Usisimame zaidi ya dakika tano. Jasho hupoa, na mtu aliyekaa chini kwenye mita 5,400 huanza kusinzia. Vidole vya miguu visipohisi kitu, sema, usione haya. Buti lililokazwa sana na soksi tatu mara nyingi ndilo kosa, kwani damu haipiti.

Ukifika Gillman na alfajiri haijaingia, uko sawa na wakati. Ukifika jua limekwisha panda na miguu inayumba, shukuru, geuka. Hifadhi hutambua kufika ukingoni na hutoa cheti chake. Kileleni dakika 15 zinatosha. Piga picha, tazama barafu ya upande wa kusini, kwa sababu zaidi ya asilimia 80 ya ile iliyopimwa mwaka 1912 imekwisha kwenda, kisha shuka. Unarudi kambi ya Kibo kwa saa mbili au tatu, unapumzika kidogo, unaendelea hadi kambi ya Horombo, mita 3,720, na siku ya saba unapita kambi ya Mandara hadi lango la Marangu. Njia ya kushuka si ile ya kupandia, kwa hiyo usiache kitu Nalemuru ukitumaini kukirudia.

Mwinuko unapokuwa ugonjwa

Hewa ya Uhuru ina takriban nusu ya mgandamizo wa hewa ya Lamu, na kijana mwenye misuli hana kinga kuliko mzee. Kanuni ni moja: kichwa kikiuma na kichefuchefu, usipande juu zaidi mpaka kitulie. Vikizidi, shuka.

Kuna hali mbili zinazoua. Mapafu yakijaa maji, mgonjwa huhema hata akiwa amelala, hukohoa kohozi lenye povu, midomo hubadilika rangi. Ubongo ukivimba, huyumba kama mlevi, husema maneno yasiyopangika au hukasirika bila sababu. Mpime kwa kumwambia atembee mstari ulionyooka, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine, hatua kumi. Akishindwa, ashushwe saa hiyohiyo, hata ikiwa usiku, mita 500 hadi 1,000 bila kungoja. Kutoka Kibo ateremshwe Horombo. Kutoka kijiziwa cha Mawenzi arudishwe Kikelelwa na chini zaidi. Oksijeni na dawa husaidia wakati anashuka, havichukui nafasi ya kushuka.

Asetazolamaidi, inayojulikana kwa jina la Diamox, husaidia mwili kuzoea. Kipimo cha kinga cha kawaida kwa mtu mzima ni miligramu 125 mara mbili kwa siku kuanzia siku moja kabla ya kupanda, kwa ushauri wa daktari. Inaleta mkojo mwingi na ganzi ya vidole. Mwenye mzio wa dawa za salfa amwambie daktari kabla ya kuigusa. Usimeze dawa za usingizi mlimani, zinapunguza pumzi.

Swala njiani

Kibla ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Lamu tunaelekea kaskazini tukivuta kidogo magharibi. Kilimanjaro ni kaskazini ukivuta kidogo mashariki, nyuzi tano au sita. Kwa kuwa Rongai inapanda kuelekea kusini, kibla kiko nyuma yako siku za mwanzo za kupanda, upande wa tambarare za Kenya. Kutoka Mawenzi kwenda Kibo unaelekea magharibi, na kibla kinakuwa kuliani kwako. Kambini mpishi huleta beseni la maji ya moto asubuhi na jioni. Omba jingine la udhu, hilo ni jambo dogo kwao. Juu ya Kibo maji yakiwa ya kudhuru, vumbi la tayamamu halikosi. Buti linalofunika kifundo, likivaliwa juu ya udhu, lina ruhusa ya kupanguswa kwa msafiri siku tatu na masiku yake. Mwulize mwalimu wako masharti yake kabla ya kuondoka. Usiku wa kilele alfajiri huingia ukiwa karibu na Gillman: mwambie kiongozi mapema kwamba utahitaji dakika tano pale penye mwamba unaokinga upepo, avipange vituo vyake kwa hesabu hiyo.